Nani Akae Juu

Machi 3

Leo darasa letu la programu za kompyuta limegawanywa vikundi vya watu watatu, nami nimetupwa kwa Ladislas. Nilimfuata mwalimu Natukunda hadi mlangoni nikamwomba anibadilishe. Alisema vikundi havibadilishwi, akapanda boda yake kurudi Mbarara. Yeye kwao ni Kakiika, kule mjini, hajui maana ya kukaa benchi moja na shemasi wa kanisa lako.

Ladislas alikuwa mwalimu wa hesabu kule Minembwe kabla hatujakimbia. Sasa ana mvi na miwani iliyofungwa uzi, na bado anatembea nyuma ya watu kana kwamba anasimamia mtihani. Haniiti kwa jina langu, Uwamahoro. Ananiita mtoto wa Mutware, kwa kuwa alimjua baba yangu, na kwake hiyo inatosha. Wa tatu wetu ni Parfait. Umri wake uko katikati yetu na msimamo wake pia uko katikati: anamuunga mkono aliyesema mwisho.

Mvua bado. Vumbi la Base Camp, hapa katikati ya makazi ya wakimbizi, limeingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta.

Machi 6

Mwalimu amefundisha dekoreta. Kwa saa mbili nilisahau kumchukia mtu.

Naandika ili nisisahau. Una klasi, yaani kigezo cha vitu vya aina moja, tuseme Familia. Ndani yake kuna vitendo, yaani mambo ambayo kila familia inaweza kuulizwa: ina watoto wangapi, inakaa wapi. Dekoreta ni mstari mmoja wenye alama ya @ unaouweka juu ya kitendo, nao unakiongezea kazi nyingine bila kugusa chochote cha ndani. Unaweza kuweka moja, unaweza kuzirundika tatu. Zikirundikwa, ya chini ndiyo inayokivika kitendo kwanza, kisha inayofuata inavika juu yake, kama vitenge. Lakini anayekuja kuuliza anakutana kwanza na ya juu.

Ladislas aliuliza swali refu lililokuwa hotuba. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia akae.

Machi 9

Nimetoka Juru kumwona yaya Bernardine, dada yangu mkubwa. Nilipita njia ya mashambani kwa sababu ile ya barabarani ina macho mengi.

Tangu mumewe afariki, mdogo wa marehemu, Ngabo, anadai watoto ni wa ukoo. Ng'ombe za mahari zilitoka, anasema, basi Gisa na Benitha wakae kwake Rubondo. Mwaka jana yaya alimwachia Benitha wiki mbili ili kuwe na amani. Mtoto alirudi mkono hauinuki, na alipoulizwa alisema alimwaga maziwa. Tangu siku hiyo yaya amehama mara tatu. Safari hii akina mama wa shirika moja la Nyamitanga, Mbarara, ndio waliomtafutia nyumba huko Juru, na wanaoijua ni watu wawili aliowataja mwenyewe: Sidonie, mama wa ofisini kwao, na mimi. Ngabo akiijua, watoto wataondoka, na hakuna mzee wa ukoo atakayemwambia awarudishe.

Yaya amekonda. Aliniuliza kama kuna mtu aliyenifuata. Nilisema hapana, akatoka kwenda kuangalia mwenyewe.

Machi 11

Mvua. Darasa limevuja pande tatu.

Machi 17

Kazi ya mwisho ya muhula imetangazwa na kikundi chetu kimepata ile niliyoitaka. Ni shirika lilelile la Nyamitanga. Wanapeleka majiko, sabuni na nguo za watoto kwa wajane na akina mama wa makazi yote, na wachukuzi wao wenye pikipiki hupotea njia kila siku. Wanataka programu ambayo mchukuzi akiingia kwa jina lake, anaona familia inakaa wapi. Ila kuna nyumba zilizofungwa. Hizo asizione mtu isipokuwa wale waliotajwa na mwenye nyumba.

Sikumwambia mtu kwa nini naitaka. Tumegawana dekoreta tatu. Mimi nimechukua @ruhusa, inayokagua anayeuliza ni nani na kumkatalia asiyestahili. Parfait amechukua @andika, inayoweka jina na saa ya kila aliyeuliza. Ladislas amechukua @kumbuka: jibu likishatolewa mara moja, linawekwa karibu ili lisitafutwe tena Mbarara kwa mtandao huu wetu unaokwenda kwa magoti. Ni wazo zuri. Limenikera zaidi kwa sababu ni zuri.

Machi 20

Ladislas amemaliza yake kabla yangu, akatangaza kwa darasa zima. Mimi bado nahangaika na self, neno linalobeba kitu chenyewe kinachoulizwa, maana dekoreta isipoipokea self inashindwa kujua ni familia gani inayoulizwa. Nilipokwama alikuja nyuma yangu akasimama bila kusema kitu. Nilitamani aseme ili nimjibu.

Machi 24

Leo tumegombana mbele ya watu na siombi radhi.

Ilikuwa siku ya kuunganisha. Mwalimu hakufika kwa sababu barabara ilikatika upande wa Isingiro. Kitendo kinaitwa mahali, na juu yake zinatakiwa kukaa dekoreta zote tatu. Ladislas alivuta kompyuta, akaandika yake juu kabisa, ya Parfait chini yake, yangu ya mwisho. Hakuuliza. Kwa umri, kama tunavyokaa mezani na kama tunavyonawa mikono.

Nilisema yangu ikae juu. Aliuliza kwa nini. Ningekuwa na sababu ningeitoa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira tu. Tangu mwanzo wa muhula anazungumza kwanza, anajibiwa kwanza, anapewa kiti chenye mgongo. Nilisema yangu ndiyo kazi yenyewe, zake ni za kurahisisha.

Alivua miwani. Akasema polepole ili benchi zote zisikie:

"Mutoto wa Mutware, jina ya mutoto haikalaka juu ya kichwa ya muzee. Hata ku kanisa haiko vile, hata ku nyumba ya baba yako haikukuwaka vile. Unataka watu ba Mbarara bafungue, baone tulikosa adabu?"

Nilimwambia hapa si kanisani na kompyuta haipigiwi magoti. Watu waliguna. Mama mmoja wa kikundi cha jirani aliniambia nimheshimu mzee, na mwingine akauliza nitaolewa na nani kwa mdomo huu. Parfait alishauri tufuate umri kwa kuwa zote tatu zitafanya kazi, iwe juu iwe chini. Ladislas alisema hata kihesabu ni sawa, kujumlisha hakujali nani katangulia.

Tukajaribu. Parfait aliingia kwa jina lake kama mchukuzi, akauliza nyumba iliyofungwa. Alikataliwa. Ladislas alinitazama kwa ule uso wake wa kurudisha madaftari ya mtihani. Nimerudi nyumbani, na ugali nimeula bila kusikia ladha yake.

Machi 25

Sikumsalimia. Aliniona sikumsalimia.

Machi 31

Mwalimu alipiga simu kuuliza kama tumejaribu vizuri. Ladislas alimjibu ndiyo kabla simu haijanifikia.

Aprili 3

Mbarara. Tulivuka daraja la mto Rwizi kwa miguu hadi Nyamitanga kuwaonyesha programu, maji yamejaa hadi kwenye majani, rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimevaa viatu vya yaya.

Ladislas alizungumza kwa niaba yetu sote, kwa sauti ya Jumapili. Aliposema "tulipata wazo" alimaanisha lake, aliposema "tulichelewa kidogo" alimaanisha langu. Akina mama walipiga makofi. Kisha Sidonie, ambaye nyumba ya yaya anaijua na uso wangu anaujua, aliuliza swali moja: nyumba zilizofungwa zimefungwa kweli?

Nilijibu kabla Ladislas hajafungua mdomo. Nilisema zimefungwa, nimezifunga mimi.

Aprili 7

Wameanza kuitumia. Mvua kila siku, asubuhi na jioni.

Aprili 17

Ngabo ni mchukuzi wao. Nimemwona leo karibu na kituo cha maji, majiko manne yamefungwa nyuma ya pikipiki, fulana ya shirika imemkaa vizuri. Alinipungia mkono.

Nilimpigia Sidonie saa ileile. Alisema hakujua kuwa ndiye, walimwajiri kwa jina la ubatizo. Alisema hawawezi kumfukuza kwa neno langu tu, ila hana ruhusa ya nyumba zilizofungwa, na nyumba zilizofungwa hazifunguki. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuhakikishia, alisema.

Aprili 20

Pasaka. Ngabo aliimba kwaya, sauti yake nzuri kuliko zote. Ladislas alisoma Neno. Nilikaa kati ya watu wawili ninaowachukia, nikasema amina kwa wote.

Aprili 22

Sikuweza kutulia, kwa hiyo leo nimehakikisha kwa mikono yangu. Nilimwomba Parfait neno lake la siri la mchukuzi, nikauliza familia ya Bernardine. Nilikataliwa. Nikatoka, nikaingia kwa jina langu mwenyewe, nikauliza tena. Ikafunguka: Juru, nyuma ya bomba, mlango wa bati nyekundu, watoto wawili.

Nilikaa nikiitazama. Mgeni amekataliwa, ndugu amefunguliwa. Hivyo ndivyo nilivyoandika iwe. Hata kukaa chini ya dekoreta ya yule mzee hakukuniuma leo.

Aprili 28

Mvua ya mawe. Maharage ya majirani yamelala chini yote.

Mei 3

Nitaandika kwa mpangilio, vinginevyo nitaandika matusi.

Asubuhi nilikuwa sokoni. Ngabo alisimamisha pikipiki mbele yangu, akazima injini, akasalimia kwa adabu zote. Kisha akasema:

"Usalimie yaya yako. Umwambie ile mulango nyekundu inapiga kelele na upepo, batoto habalalake muzuri."

Nilimuuliza mlango gani. Alicheka, akasema Mungu ni mkubwa, na kwamba anamngoja tu baba yake mdogo afike ili waende pamoja kuchukua watoto wa kaka yake, leo hii, mchana. Alinieleza yote kwa sababu alijua siwezi kumfanya kitu. Akawasha, akaondoka.

Nilikimbia hadi darasani. Ladislas alikuwa peke yake, anafuta maji kwenye meza. Sikumsalimia. Nilifungua programu, nikaingia kwa neno la siri la Parfait kama ile siku, nikauliza familia ya yaya.

Ikafunguka. Juru, nyuma ya bomba, mlango wa bati nyekundu.

Nilifungua maandishi ya @andika kuona nani aliuliza nyumba ile. Ngabo hayumo. Yumo Parfait aliyekataliwa tarehe ishirini na mbili, na chini yake yumo mmoja tu aliyefunguliwa, ambaye ni mimi. Hata swali langu la dakika moja iliyopita halikuwepo. Nilipiga kelele kwamba dekoreta yangu imekufa.

Ladislas alikuja akasimama nyuma yangu. Alitazama ile mistari mitatu muda mrefu, midomo yake ikitembea. Kisha akaketi.

"Haikukufa," alisema. "Haikuulizwa."

Ndipo nikaona. Anayekuja anakutana kwanza na ya juu, na ya juu ni @kumbuka. Ikiwa haina jibu, inamshusha chini, na huko chini @ruhusa inamkagua. Ikiwa ina jibu, inalitoa palepale na kumrudisha, na wa chini hawajui kuwa kuna mtu alipita. Yenyewe inaangalia familia gani imeulizwa, haiangalii nani anauliza. Parfait alikataliwa kila tulipojaribu kwa sababu hakukuwa na jibu lililowekwa. Halafu nikaingia mimi, mwenye ruhusa, ndugu wa damu, nikaulizia kwa mapenzi yangu. Jibu likawekwa mlangoni. Tangu tarehe ishirini na mbili kila mchukuzi aliyebonyeza jina la yaya alipewa, bila kukaguliwa na bila kuandikwa.

Nilimwambia Ladislas maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia ameweka kiti chake mlangoni kwa dada yangu ili aonekane mkubwa. Alipiga simu polisi, akapiga kwa Sidonie, kisha akavaa koti. Tulipanda boda moja, yeye katikati na mimi nyuma, na matope ya Juru yakatuangusha mara mbili.

Tulifika kabla yao. Yaya alipotuona alielewa bila kuambiwa, akaanza kukunja nguo. Gisa alishika mfuko na Benitha alikaa kitandani akiushika ule mkono wake. Nilitaka tutokee nyuma, lakini nyuma ni tope hadi magotini na pikipiki zilikuwa zimekwisha kusikika.

Ladislas alichukua kigoda akakiweka mlangoni, kwenye mvua. Akaketi, akavua kofia, akanyoosha miguu yote miwili juu ya kizingiti kutoka ukingo hadi ukingo.

Ngabo alikuja na baba yake mdogo na mwanamume mwingine. Alipomwona shemasi alisimama. Alisalimia kwa mikono miwili, kwa sababu hata mtu kama yule hamsalimii mzee kwa mkono mmoja. Akaomba njia.

"Njia ni hii," Ladislas alisema. "Ruka miguu ya muzee wako, upite. Batu bote banaona."

Majirani walikuwa wametoka kweli, wamejifunika magunia, wanatazama. Kwetu huruki hata miguu ya mtoto aliyelala, achilia mbali ya mzee aliyekubatiza ukiwa mtoto. Ngabo alisogea mbele, baba yake mdogo akamshika shati. Alitukana. Alisema haya ni mambo ya ukoo, shemasi anaingiliaje. Ladislas alikubali kwamba ni mambo ya ukoo, akaanza kuwataja wa ukoo mmoja mmoja, waliokufa kwanza, na kwa kila jina aliuliza kama huyo angeuvunja mkono wa binti wa kaka yake. Hakupandisha sauti. Maji yalimtiririka kwenye miwani na hakuifuta.

Nilisimama nyuma ya mgongo wake na jiwe mkononi. Nilikuwa nimekusudia kulitumia.

Polisi walifika na gari, matope hadi madirisha. Mkubwa wao alimtazama mzee aliyelowa, akauliza, "Nyinyi nafanya nini kwa mvua? Nani iko na maneno hapa?" Ladislas hakuondoa miguu mpaka Ngabo alipopanda gari lao.

Yaya na watoto wamelala kituo cha polisi leo. Mimi nimerudi. Ladislas anakohoa. Sijamwambia asante na sijui kama nitamwambia, maana aliyekaa mlangoni leo ndiye aliyekaa mlangoni siku ile, kwa sababu ileile.

Mei 5

Mwalimu Natukunda amekuja na buti za matope hadi juu. Programu imezimwa. Aliomba aone ile mistari, akauliza nani alipanga hivi. Nilijiandaa kusema. Nilikuwa nimejiandaa tangu Machi.

Ladislas alisimama akasema, "Ni miye." Hakuongeza neno, wala hesabu, wala kanisa. Akanigeukia, akasema niweke yangu juu.

Mwalimu alinizuia mkono. Alitaka kujua kama mimi nilikataa ule mpangilio. Nilisema ndiyo, kwa nguvu. Akauliza nilitoa sababu gani. Nilitafuta ya kujipamba nayo, nikaikosa, nikasema nilitaka iwe juu kwa sababu ni yangu.

"Komputa hapana jua nani iko mzee," alisema. "Hapana jua nani iko na hasira pia. Inaanza juu, basi."

Alitufanya tupange upya sisi wenyewe, kila mmoja akieleza yake inamfanyia nini anayekuja. Ya Parfait imepanda juu kabisa, ili kila anayeuliza aandikwe, apite asipite. Yangu chini yake. Ya Ladislas ya mwisho, ngozini mwa kitendo, isikumbuke chochote kwa mtu ambaye hajakaguliwa. Ni kuhamisha mistari tu. Chai ya mwalimu ilikuwa bado moto tulipomaliza.

Nilitamani sana kuiona siku hii, Ladislas chini ya wote. Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, anakohoa, na sikufurahi hata kidogo. Nilikasirika kwamba sikufurahi.

Mei 8

Nimekwenda ofisini Nyamitanga kumwona yaya. Watoto walikuwa wanakunywa uji. Sidonie alitupisha chumba.

Nilianza kumweleza dekoreta. Nilimchorea kwenye bahasha, ya juu, ya katikati, ya chini. Alinisikiliza kama anavyosikiliza wauza dawa. Kisha akasema kwamba ofisini walimsomea majina yaliyoandikwa na programu, na aliyefungua nyumba yake ni mtu mmoja.

Nilisema nilifungua kwa kumpenda, na Ngabo alipita nyuma yangu bila kuonekana. Nilisema yule mzee ndiye aliyeweka yake juu. Yaya alimfunga Benitha vifungo vya sweta hadi shingoni.

"Siseme uliniuzisha," alisema. "Niseme tu, njia ya kufika kwangu ilipitia kwako."

Aliniambia wanahama tena, na kwamba safari hii Sidonie atakuwa anamsomea majina ya watu wanaomtafuta. Hakuniambia wapi, nami sikuuliza, nikidhani Sidonie ataniandika kwenye orodha ya walioruhusiwa kama mwanzo.

Mei 9

Sina la kuandika.

Mei 15

Ngabo ametolewa kwenye uchukuzi. Polisi wamemwachia, kesi itasikilizwa mwezi wa saba. Amepita mbele ya nyumba yangu mara mbili leo, taratibu.

Mei 21

Ladislas amerudi darasani baada ya homa. Nilimletea kiti chenye mgongo. Hakukikalia, alikaa benchi, karibu nami, akasema, "Uwamahoro, fungua somo." Ni mara ya kwanza analitaja jina langu. Nilifungua somo. Bado simpendi.

Mei 29

Mvua imekwisha. Muhula umekwisha pia. Mwalimu ametupitisha, na leo programu imewashwa tena Nyamitanga. Alituomba kila mmoja aijaribu kwa jina lake, chochote atakacho.

Ladislas aliuliza familia ya wazi ya Rubondo, akapewa. Parfait aliuliza iliyofungwa, akakataliwa. Akauliza mara ya pili, ya tatu, akakataliwa. Niliwaacha watoke kwenda kunywa soda, nikabaki. Niliingia kwa jina langu nikauliza familia ya Bernardine.

Ilinikatalia.

Nilidhani nimekosea herufi. Nikauliza tena. Kisha nikafungua orodha ya walioruhusiwa na mwenye nyumba, ambayo mimi ndiye niliyeitengenezea mahali, na humo lilikuwemo jina la Sidonie peke yake. Yaya amenitoa. Nilipitia mistari yote kutafuta kosa, la Ladislas au la mtu yeyote. Hakuna. @ruhusa imefanya kazi yake kama nilivyoiandika, na haikubabaika kwamba aliyekuja ni ndugu.

Nimelia na kompyuta ikiwa wazi mbele yangu. Sijui Benitha analala wapi leo. Sijui kama mlango unafungika.

Na dekoreta ya Parfait iko juu ya zote, kama tulivyokubaliana. Mara zote mbili nimeandikwa, jina langu, saa, na neno amekataliwa. Yaya alisema Sidonie atakuwa anamsomea majina ya watu wanaomtafuta. Safari hii pia, jina ni langu.